Mikeka ya Akko na Mishale Niliyoichora Vibaya

Jumamosi, Iftin. Joto limeanza kabla ya chai.

Stima imepotea tangu alfajiri. Feni imesimama juu ya kitanda inanitazama, nami naitazama. Kompyuta ina chaji ya kunifikisha adhuhuri, labda, na kichwa changu kina chaji pungufu ya hapo. Nimekuja kuandika hapa kwa sababu nikiendelea kuisoma makala ya semina yangu nitalia, na mwalimu mzima wa bayolojia kulilia protini si jambo la kusimulia watu. Haya, nimeshasimulia.

Nimechanganyikiwa mara mbili kwa siku moja.

Mkanganyiko wa kwanza ni wa masomo. Kwa wasionijua, mimi nafundisha bayolojia katika shule moja ya wasichana upande wa Waberi, mtaa mwingine wa mji huu, na jioni nasomea shahada ya uzamili kwa mtandao. Jumatatu ni zamu yangu ya kuwasilisha kwenye semina. Mada niliichagua mwenyewe, hakuna aliyenishikia fimbo: seli ikishanakili DNA yake, ile nakala mpya hufungwaje tena?

Mkanganyiko wa pili ni wa nyumbani. Mdogo wangu Tume anaolewa, na anataka neno langu leo, kabla ya magharibi.

Nianze na huu wa pili, maana ndio unaouma.

Kwetu ni nje kidogo ya Habaswein. Sisi ni wafugaji. Nyumbani tunasema Kiborana, sokoni Kisomali, Kiswahili tukakifuata shuleni. Baba alijenga nyumba ya mabati zamani sana, ila Ayo, yaani mama, hajawahi kulala humo kwa hiari yake. Anasema mabati yanapiga kelele hata yakiwa kimya. Yeye hulala kwenye nyumba yake ya mikeka, ile ya mviringo inayofunguliwa fito kwa fito, ikapakiwa juu ya ngamia na kwenda kujengwa pengine.

Kwetu binti akiolewa, wanawake huja asubuhi kuifungua nyumba ya mama yake. Nusu ya fito na nusu ya mikeka huenda kujenga nyumba ya bibi harusi. Nusu iliyobaki hurudi kwa mama. Halafu nyumba zote mbili hujaziwa mikeka mipya mpaka zitimie. Asubuhi nyumba ni moja, jioni ni mbili, na siku nzima ni kelele, chai na wanawake kutaniana maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Binti wa kwanza ndiye hutangulia. Binti wa kwanza ni mimi, na sijaolewa. Wanaotaka kuniuliza kwa nini kwenye maoni hapo chini, nawaomba wanywe maji kwanza. Sasa Ayo amesema hagusi hata fito moja mpaka niseme kwa mdomo wangu kwamba nimeridhia Tume atangulie.

Kutangulia hakunisumbui. Tume ana ishirini na kitu, anampenda huyo kijana, na kijana mwenyewe ana adabu. Kinachonisumbua ni mikeka ya Akko.

Akko ni bibi yangu, mama yake Ayo. Ndiye niliyelala naye mpaka nilipopelekwa shule ya bweni. Ayo alipoolewa, nusu ya nyumba ya Akko ikaja kwake. Akko ameshafariki, nyumba yake haipo tena, na kilichosalia ni ile mikeka, imelewa moshi miaka na miaka. Ikigawanywa kesho, Ayo atabaki na nusu yake. Nami nikija kuolewa, inshallah, nitapata nusu ya nusu. Nikijaliwa binti, yeye atapata nini? Uzi mmoja wa kufungia pakiti ya majani ya chai.

Sasa aibu yangu ni hii. Mimi sina haja na mikeka. Ninaishi kwenye chumba cha kupanga chenye vigae. Ukiniletea leo sitajua pa kuiweka. Sijawahi kusuka hata mmoja. Likizoni wenzangu walikuwa wakipasua mkonge pori na kusokota nyuzi, mimi nimejificha na kitabu nyuma ya zizi. Lakini niliposikia kwamba inaondoka, nikataka yote ibaki. Ni wivu? Ni uchoyo tu? Nimejiuliza tangu jana na sijapata jibu la maana.

Jana hiyohiyo nikajiona mwerevu. Nikamtumia Tume ujumbe wa sauti, sauti ya dada mkubwa, tamu kama halua. Nikamwambia mikeka yote ya Akko ibaki kwa Ayo, yeye ajengewe mipya mitupu, wako wanawake Habaswein wanaosuka kwa kuuza, tutawatafuta wazuri. Ya zamani ikae nyumba ya zamani, mipya iende nyumba mpya. Nilidhani atanishukuru.

Akanijibu sentensi moja.

"Kwa hiyo mimi nitaolewa kutoka sokoni?"

 Niliilaza simu kifudifudi nikakimbilia kwenye seli, maana seli hazinuni.

Basi tuje kwenye seli. Nitaeleza jinsi ninavyojieleza mwenyewe. DNA ya seli moja ukiinyoosha inakaribia mita mbili, na yote hiyo inakaa ndani ya kiini kisichoonekana kwa macho. Haikai hovyo. Inazungushwa kwenye vifundo vya protini ziitwazo histoni, nane kwa kila kifundo, karibu mizunguko miwili, kisha inasonga mbele hadi kifundo kingine, na kingine, kama shanga kwenye uzi. Uzi pamoja na shanga zake ndio tunaouita kromatini. Juu ya histoni hizo kuna alama ndogondogo za kemikali. Alama nyingine husema hapa pasomwe, nyingine husema hapa pafungwe, pasiguswe. Ndiyo maana seli ya ini inajua kwamba ni ini na haijaribu kuwa jicho, ingawa DNA yao ni ileile.

Seli ikitaka kugawanyika, mashine ya kunakili hupita juu ya DNA yote. Haiwezi kunakili kilichofungwa, kwa hiyo shanga zilizo mbele yake hufunguka. Nyuma yake hutoka DNA mbili badala ya moja, na zote mbili hufungwa papo hapo. Histoni za zamani hazitoshi, kwa sababu zilikuwa za DNA moja, na sasa kuna mbili. Basi seli hutengeneza mpya. Hizi mpya haziachwi zizurure peke yake; kuna protini wasindikizaji wanaozishika mkono, kama shangazi anavyomshika bibi harusi, wakazikabidhi mahali pake kwenye nakala.

(Hapo niliacha kuandika; yanayofuata naandika jioni.) Mpaka hapo nilikuwa natamba. Nikachora slaidi nzuri ya rangi. DNA moja inagawanyika mbili. Ya juu nikaiandika "mama", ya chini nikaiandika "mtoto". Mshale mwekundu ukapeleka histoni zote za zamani kwa mama. Mshale wa kijani ukapeleka zote mpya kwa mtoto. Nikaipenda slaidi hiyo kiasi cha kuitazama mara ya pili bila sababu.

Kama saa nne hivi, mwenye nyumba wetu, Mama Habiba, akapita mlango kwa mlango na mtungi wake. "Walimu, chukua maziwa mabema," akasema kwa Kiswahili chake kisicho na "p". "Jua ikibanda itaharibika." Nikachukua. Na maziwa yakamleta Mwalimu Nduku, jirani yangu, ambaye pua yake inasikia maziwa ya ngamia kutoka Machakos alikozaliwa. Nduku anafundisha hesabu. Kila muhula anaapa kwamba ataomba uhamisho, joto hili litamuua, na kila muhula nikimuuliza fomu iko wapi anabadilisha mazungumzo.

Akaketi kitandani na kikombe chake, akaitazama slaidi yangu. Nikamweleza kwa mbwembwe zote. Akanywa kidogo, akaweka kidole kwenye kioo cha kompyuta, juu ya neno "mtoto".

"Sasa huyu mwenye amepewa mpya tupu, zisizo na alama," akasema, "atajuaje yeye ni ini?"

Nikaufuata mshale wa kijani kwa kidole. 

Halafu, na hii ndiyo iliyonimaliza, akauliza mama ni yupi hapo. Kwani si nimewahi kumwambia kwamba kila nakala ya DNA ina uzi mmoja wa zamani na mmoja mpya? Basi hizi mbili zote ni nusu kwa nusu. Nimempata wapi mama?

Jambo hilo nalifundisha kila mwaka. Wasichana wangu wanalikariri mpaka usingizini, na wakilikosea kwenye mtihani nawakata alama bila huruma. Nikalichora kinyume, kwa rangi, na nikalipenda. Nikajua palepale kosa hilo limetoka wapi, na halikutoka kwenye kitabu chochote. Nilikuwa nimechora ule ujumbe wangu wa sauti.

Nduku alipoondoka nikairudia makala, chaji ikiwa inakata roho. Inasema hivi. Histoni za zamani, hasa zile za katikati ya kifundo, hazimfuati mmoja. Hugawiwa pande zote mbili, karibu sawa kwa sawa. Kwenye mashine yenyewe ya kunakili kuna sehemu zinazozidaka, nyingine zikizipitisha huku, nyingine kule. Na watafiti wamewahi kuziharibu sehemu hizo makusudi, waone itakuwaje. Ikawa kama slaidi yangu: upande mmoja umerundikiwa za zamani, mwingine umebaki na mpya. Huo wa pili ukaanza kusahau. Jeni zilizopaswa kunyamaza zikaanza kusema.



Kisha mpya hujifunzaje? Kwa jirani. Kuna vimeng'enya vinavyoisoma alama ya histoni ya zamani na kuiandika ileile kwenye mpya iliyo kando yake. Seli ikija kugawanyika tena, ile iliyokuwa mpya inahesabiwa miongoni mwa za zamani, na yenyewe inasomwa. Kwa hiyo ile hesabu yangu ya nusu ya nusu, seli nayo inayo. Baada ya migawanyiko kadhaa histoni za mwanzo kabisa utazitafuta kwa tochi. Ini linabaki ini.

Msidhani nimeelewa yote. Kimeng'enya kinajuaje pa kuishia, kisije kikaweka alama mpaka pasipohusika? Nimesoma aya hiyo mpaka maneno yakaanza kuogelea. Alama nyingine hurudi haraka, nyingine huchukua muda mrefu, na nyingine wataalamu wenyewe hawajakubaliana kama kweli hurudi au huandikwa upya kwa njia nyingine kabisa. Makala imejaa "huenda" na "inawezekana" kuliko barua ya mtu anayeomba msamaha. Kama wao hawajui, mimi wa Iftin bila stima nitajua nini?

Nikaifunga kompyuta kabla haijajifunga yenyewe. Nilikasirika, nasema kweli. Sikutaka mambo ya nyumbani kwetu yaamuliwe na makala. Tume si nakala ya mtu. Mikeka ni mikeka. Seli haijui wivu wala haijawahi kulala na bibi yake, ikanusa moshi kwenye shuka lake.

Baada ya adhuhuri simu ikaita. Tume, kwa video. Nikaketi wima kama nimeitwa na mwalimu mkuu.

Hakunikaripia, na heri angenikaripia. Alikuwa nyuma ya duka, pale mtandao unaposhika, na Ayo yuko kando yake amekaa juu ya jerikani. Mbele yao walikuwa wametandaza mikeka mchangani. Tume akasema kwa utulivu kwamba Ayo ametaka ile ya Akko itengwe kwanza, ili igawanywe kwa haki, kila nyumba ipate. Na mwenye kuijua vizuri ni mimi, kwa kuwa nililala chini yake. Akaanza kunipitisha na kamera, mkeka baada ya mkeka.

Nikajaa fahari. Mwishowe kuna mtihani ninaouweza. Akko alikuwa na mtindo wake: karibu na ukingo aliweka mstari wa kahawia, na mwisho wa mstari aliurudisha uzi mara mbili, kama mtu anayesisitiza neno. Nikiwa mtoto nilikuwa nikilala huku kidole changu kiko hapo. Kamera ikafika kwenye mkeka mmoja na nikauona, mstari wa kahawia, uzi umerudi mara mbili. Machozi yakanilenga.

"Simama hapo," nikasema. "Huo. Huo ni wa Akko, hata gizani ningeujua."

Kamera ikatulia. Nikadhani mtandao umekatika. Tume alikuwa ameangalia chini.

"Huo ni wa Tume," Ayo akasema. "Ameumaliza mvua zilizopita."

Sijui uso wangu ulikuwaje kwenye kile kioo kidogo. Tume akaharakisha kunitetea, mdogo wangu huyo, akasema umekaa kwenye moshi, ndiyo maana unaonekana mkongwe, mtu yeyote angekosea. Nikamuuliza ule uzi wa kurudi mara mbili alifundishwa na nani, maana Akko alifariki yeye akiwa mdogo. Akasema hakuna aliyemfundisha. Alikuwa ameulaza mkeka mwingine kando, akawa anaufuata kwa vidole.

Basi Ayo achague mwenyewe, nikasema. Yeye atajua.

Ayo akainama, akaanza kuipapasa. Macho yake siku hizi hayamtoshi, lakini mikono yake inajua kila kitu, au ndivyo nilivyoamini. Akashika mmoja, akasema huu ni wa mama. Akaugeuza. Akasema hapana, huu niliusuka nikiwa na mimba yako. Akashika mwingine, akauacha. Akarudi kwenye ule wa kwanza. Tume akaacha kusogeza kamera, na nikamwona mama yangu amekaa katikati ya mikeka na mikono imetulia mapajani.

"Nilisuka huu nikiwa nimeulaza wa mama pembeni," akasema. "Sasa sijui ni upi uliokuwa pembeni."

Hakuhuzunika. Alilisema kama mtu anayesema hajui ameweka wapi kijiko. Mimi ndiye niliyelia, hapa Iftin, kwenye vigae vyangu, mpaka Nduku akagonga ukuta kuuliza kama niko salama.

Niseme ukweli wote, maana hapa ndipo mahali pake. Sikulia kwa kufurahi kwamba Tume anaweza. Hilo lilikuja baadaye kidogo, nalo likaja kweli. Kwanza nililia kwa sababu nilitaka kuwe na kitu kimoja duniani ambacho ni Akko peke yake, cha kunyoosha kidole na kusema ni hiki. Hakuna. Hakuna anayeweza kunionyesha. Huenda mmoja uko pale, huenda ilishachakaa yote ikatupwa kidogokidogo na hakuna aliyegundua. Na kidole changu, ambacho nilikuwa na hakika nacho kuliko shahada, kilikwenda moja kwa moja kwa mdogo wangu.

Nilijifuta uso kwa leso. Nikasema lile neno walilokuwa wakilingoja. Nilisema Tume atangulie, nimeridhia, wagawanye kama kawaida, mikeka yote ichanganywe, asitenge mtu kitu. Tume akaficha uso nyuma ya shungi yake. Ayo akaniombea dua ndefu, kisha akauliza swali ambalo sikulitarajia: siku yangu itakapofika, katika nusu inayobaki, aniwekee mkeka upi.

"Wowote," nikasema.

Stima imerudi baada ya alasiri. Feni inazunguka kana kwamba haijawahi kunitendea ubaya. Nimeifungua ile slaidi, nikafuta "mama", nikafuta "mtoto". Mshale mwekundu nimeugawa, matawi mawili, moja kila upande. Wa kijani vilevile. Imekuwa slaidi yenye vurugu, rangi zimeingiliana, na pale kwenye kimeng'enya na mpaka wake nimeweka alama ya kuuliza kubwa tu. Wakiniuliza Jumatatu nitawaambia sijui. Nimeshalizoea neno hilo leo.

Bado sijui pia kama nimekubali kwa sababu ya Nduku, au makala, au mikono ya Ayo ilivyotulia vile. Huenda nimekubali kwa kuwa sikuwa tena na cha kukishikilia. Mtu akikubali kwa sababu hiyo, amekubali kweli?

Nimepata kiti kwenye basi la alfajiri. Semina nitaifanyia Habaswein, nyuma ya lile duka, mtandao ukipenda. Nduku ameapa atailinda feni yangu umeme ukirudi na ukikatika, sijui maana yake nini, nadhani ni njia yake ya kunitakia safari njema.

Kesho wanawake wataanza kuifungua nyumba ya Ayo kabla jua halijapanda, kwa hiyo hapo nitakuwa nimechelewa. Kwenye kujenga nitawahi. Mikeka mipya itakayopungua italazimika kusukwa, nami sijui hata uzi hushikwa kwa mkono gani.

Nimemwomba Tume aniwekee nafasi pembeni yake.